Namna ya Kuzikinga Grenda za Karakana Zisiliwe na Kutu

Katika karakana yenye mashine za kila aina, grenda, mashine inayosaga chuma kwa jiwe linalozunguka, ndiyo inayowahi kushika kutu. Mashine ya kukereza hushinda imelowa oili, na vipande inavyovikata ni vikubwa, ukivifagia vinaondoka. Grenda humwagiwa maji siku nzima, na chuma inachokisaga hugeuka unga laini unaopenya kila upenyo. Unga huo ukichanganyika na maji na chembe za jiwe huwa tope linaloganda kwenye pembe za mashine, na tope hilo hubaki bichi usiku kucha. Chini yake ndiko kutu inakoanzia.

Grenda nayo si mashine ya kuvumilia. Kazi yake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo doa dogo juu ya bamba la sumaku linaloshikilia kazi ni kilima. Kipande kikikaa juu ya kilima hicho kinasagwa kikiwa kimeinama, kisha fundi anaanza kulaumu jiwe au beringi, na kosa liko pale pale chini ya kipande.

Mwongozo huu unahusu zaidi grenda kubwa za kusaga bapa na za kusaga shafti, zile zinazotumia maji ya kupozea. Grenda ya mezani na ya mkono nimezitengea sehemu yao mbele. Ukisahau mengine yote, shika mpangilio huu: safisha, kausha, kisha paka mafuta. Mafuta yaliyopakwa juu ya unyevu yanayafungia maji ndani, na chuma kinaendelea kuliwa chini yake bila wewe kuona.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Chuma hakishiki kutu bila maji na oksijeni kukutana juu yake. Oksijeni huwezi kuifukuza karakanani, kwa hiyo vita ni dhidi ya maji. Hayo hutoka kwenye pampu ya kupozea, kwenye hewa, na kwenye mikono ya watu.

La hewa ndilo mafundi wengi hulipuuza. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 50, kutu hutambaa polepole sana. Ukipita asilimia 60 hivi, mwendo wake hubadilika, na ukifika 80 chuma kitupu kinaweza kubadilika rangi bila wewe kuona hata tone moja. Vumbi lenye chumvi huharakisha mambo zaidi, kwa sababu chumvi huvuta maji ya hewani hata hewa inapokuwa kavu kiasi.

Tena mashine hutoa jasho. Kitanda cha grenda ni chuma cha kusubu kizito, kinachopoa usiku na kuchelewa kupata joto asubuhi. Unafungua mlango, hewa ya joto yenye unyevu inaingia, inakuta chuma bado baridi, na umande unatanda juu yake. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huacha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Mashine iliyolala kwenye nyuzi 23 italowa bila mtu kuimwagia maji. Ndiyo maana unaweza kuifuta ikakauka kabisa jioni, na asubuhi ukute madoa.

Nunua kipima unyevu na ukiweke karibu na mashine yenyewe, usawa wa meza, si mlangoni. Andika usomaji wa asubuhi na wa mchana kwa wiki moja au mbili. Utajua kama adui yako ni hewa au ni maji ya kupozea, na hutapoteza fedha kununua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Kabla hujaendelea, zunguka karakana ukiangalia vitu hivi. Chupa ya asidi ya haidrokloriki, hata ikiwa imefungwa, huweza kutoa mvuke unaokula chuma kilicho mbali nayo; ihamishie chumba kingine au nje. Betri zinazochajiwa na dawa za klorini za kusafishia sakafu, vivyo hivyo. Jiko la gesi au la mafuta ya taa lisilo na bomba la kutolea moshi nje linamwaga maji hewani: kila kilo 1 ya gesi ya propani ikiungua hutoa takribani kilo 1.6 za maji. Linapasha joto, ni kweli, lakini linalowesha kila chuma ambacho bado ni baridi. Na sakafu mpya ya zege hupumua unyevu kwa miezi, kwa hiyo usilaze juu yake shafti, flanji (sahani za chuma zinazobana jiwe) au vipimo vyovyote.

Hatua ya 1: Yaweke sawa maji ya kupozea

Hapa ndipo ningeanza katika karakana yoyote ile. Mashine inaoga maji haya saa nane kwa siku; yakiwa mabaya, hakuna mafuta ya jioni yatakayoiokoa.

Maji ya kupozea ni maji yaliyochanganywa na mafuta maalumu, au kemikali isiyo na mafuta kabisa, yenye dawa ya kuzuia kutu ndani yake. Kwa kusaga, watengenezaji wengi hutaka mchanganyiko wa asilimia 3 hadi 5. Soma lebo ya dawa yako, maana hutofautiana. Ukipunguza dawa ili kubana matumizi, kitu cha kwanza kupotea ni kinga ya kutu. Uwezo wa kupoza unabaki, kwa hiyo kazi itaonekana kwenda vizuri huku mashine ikiliwa.

Kuchanganya kuna utaratibu wake. Tanguliza maji kwenye chombo, kisha mimina dawa polepole ukikoroga. Ukianza na dawa ukaimiminia maji, mchanganyiko wa aina ya mafuta unaweza kugeuka utelezi mzito usioungana tena. Usimimine dawa kavu moja kwa moja kwenye tangi la mashine kwa kukisia.

Kupima nguvu yake, tumia rifraktomita. Ni kifaa kidogo cha mkononi: unaweka tone juu ya kioo, unachungulia kwenye mwanga na kusoma namba. Namba hiyo si asilimia bado. Izidishe kwa kizidisho kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa. Ukisoma 2 na kizidisho ni 1.5, una asilimia 3. Kila unapoanza, kisawazishe kifaa kwa maji matupu mpaka kisome sifuri. Tone lenye mafuta machafu yanayoelea litakupa mstari wenye ukungu, kwa hiyo chota kutoka chini ya utando wa juu.

Maji hupungua kwa kukauka, dawa inabaki, kwa hiyo unapojaziliza tumia mchanganyiko mwepesi kuliko ule wa mwanzo. Watu wengi hujaziliza maji matupu, na ukifanya hivyo mara moja moja huku unapima, si vibaya. Hatari ni chumvi. Maji yanayokauka huacha chumvi zake tangini, na kila ndoo mpya inaongeza nyingine. Baada ya miezi kadhaa rifraktomita inasema kila kitu ni sawa, lakini kloraidi imejaa na mashine inashika kutu. Kama maji yako yana chumvi au huacha magamba meupe kwenye vyombo, jaziliza kwa maji ya mvua yaliyokusanywa kwa usafi au maji yaliyoondolewa madini. Kwa mchanganyiko wa kwanza maji ya kawaida yasiyo na chumvi yanafaa zaidi, kwa sababu maji laini kupita kiasi huleta povu.

Kipimo cha pili ni pH, yaani kiasi cha asidi au alkali, na karatasi za kupimia zinatosha. Mchanganyiko mzima hukaa kati ya 8.5 na 9.5. Ukiona unashuka chini ya 8.5, bakteria wameshaanza kula dawa, na utausikia pia kwa pua asubuhi baada ya siku za mapumziko. Bakteria hao hupenda mafuta ya reli (njia ambazo meza ya mashine huteleza juu yake) yanayovuja na kuelea juu ya tangi, kwa kuwa utando huo huzuia hewa. Ukwangue kila wiki. Siku zisizo na kazi, washa pampu kwa muda mfupi ili maji yazunguke. Usishawishike kupandisha pH juu sana kwa kuongeza soda. Mawe yaliyoshikanishwa kwa rezini, aina ya gundi ngumu, hudhoofika kwenye maji makali, na ngozi ya mikono yako pia.

Kuna kipimo kingine rahisi ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu kinauliza swali lenyewe: je, maji haya yanashikisha chuma kutu? Chukua vipande vidogo visafi vya chuma cha kusubu, vile vinavyotoka ukitoboa bila mafuta. Vitandaze juu ya karatasi ya chujio ndani ya kisahani, vimwagie maji ya kupozea kutoka tangini mpaka karatasi ilowe, funika na uache kwa saa 2. Kisha suuza vipande uangalie karatasi. Karatasi nyeupe ni salama. Madoa machache ya rangi ya chai ni onyo. Ikijaa madoa, maji hayo yamwage. Hii ndiyo njia inayotumika pia kwenye kipimo cha kiwanda cha DIN 51360, kiwango cha Kijerumani.

Ukibadilisha maji, usiishie kumwaga tangi. Kwangua tope lote la chini, pitisha dawa ya kusafishia kwenye pampu na mabomba, suuza, ndipo ujaze upya. Tope la zamani likibaki, bakteria wake watamaliza mchanganyiko mpya upesi. Maji yaliyochakaa yana mafuta na metali. Yakusanye yakapelekwe panapotakiwa, usiyamwage mtaroni.

Hatua ya 2: Dakika 15 za mwisho wa siku

Kinga yote iliyobaki iko kwenye robo saa kabla ya kufunga karakana. Fundi mkuu akiiweka ndani ya saa za kazi, itafanyika. Akiiacha iwe hisani ya mtu anayekimbilia usafiri, haitafanyika.

Anza kwa kufunga maji ya kupozea, na uache jiwe liendelee kuzunguka peke yake kwa dakika chache. Jiwe lina vitundu na hunywa maji. Ukilisimamisha likiwa limelowa, maji hushuka upande wa chini, na kesho yake litaanza kuzunguka likiwa zito upande mmoja. Hilo hutikisa mashine, huharibu beringi, na jiwe linaweza kupasuka. Simama pembeni, si mbele yake, wakati linajikausha.

Likishakauka, zima mashine na ukate umeme kwenye swichi kuu. Toa kipande cha kazi. Usiache kipande chochote juu ya bamba la sumaku usiku, hata kama utaendelea nacho asubuhi. Maji yaliyobanwa kati ya vyuma viwili hayakauki, na utakuta alama ya kipande imechorwa kwa kutu. Zima sumaku kabisa, maana ikiwa imewashwa inang'ang'ania unga wa chuma na huwezi kuufuta.

Sasa ondoa tope. Tumia brashi ya nywele laini na kipande cha mpira wa kukokotea maji, ukivuta tope kuelekea kwenye mfereji wa kurudishia. Lililokaza lilegeze kwa maji ya kupozea yenyewe, si kwa maji ya bomba, kwa sababu maji matupu yanasafisha na kinga iliyokuwepo. Fungua kava ya jiwe usafishe ndani, panakojificha tope jingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Chungulia nyuma ya meza, chini ya mipira inayofuta reli, na kuzunguka boliti za bamba.

Bomba la hewa ya kompresa liache ukutani. Naandika hili nikijua linavyotumiwa kila mahali. Hewa ya kompresa inachukua chembe za jiwe na kuzisukuma chini ya mipira, ndani ya reli na kwenye beringi, na huko zinasaga mashine yako mwenyewe. Tena hewa hiyo mara nyingi ina maji ndani yake, kwa hiyo hata kukausha haikaushi.

Futa kwa tambara kavu la pamba, kisha kwa la pili lililo kavu zaidi. Matambara yenye mafuta na unga wa chuma yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, mbali na cheche.

Mikono ina jasho, na jasho lina chumvi na asidi. Wapo mafundi ambao alama za vidole vyao huonekana kwa kutu siku ya pili. Si kosa lao, ndivyo miili ilivyo, lakini mtu huyo avae glovu nyepesi anaposhika sehemu zilizosagwa. Hii ni kwa mashine iliyozimwa tu; glovu karibu na jiwe linalozunguka ni hatari.

Hatua ya 3: Kila uso na mafuta yake

Kuipuliza mashine nzima kwa kopo moja ni haraka, ila si kinga. Sehemu hizi hazihitaji kitu kimoja.

Reli ambazo meza huteleza juu yake zinataka oili ya reli, iliyotengenezwa ili ing'ang'anie chuma isikimbie. Daraja la ISO VG 68 (namba ya uzito wa oili) ni la kawaida, ila grenda nyingi ndogo zimeandikiwa nyepesi zaidi. Fuata kibao cha mashine. Ukishafuta, paka kidogo na uisogeze meza mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Usiache meza imeegemea upande mmoja kila siku, kwa kuwa sehemu ileile ya reli itabaki wazi usiku.

Bamba la sumaku linataka utando mwembamba wa mafuta mepesi ya kuzuia kutu, ambao asubuhi utaufuta wote kabla ya kuweka kazi. Utando mzito hapa ni tatizo, kwa sababu unga hushikamana nao.

Ncha ya shafti ya jiwe, flanji na nati zake zipanguse kila unapobadili jiwe, kisha paka tone la oili na ulifute mpaka uone pamekauka. Flanji yenye kutu haikai sawa. Inabana jiwe upande mmoja zaidi ya mwingine, na jiwe lililobanwa hivyo linaweza kuvunjika likiwa kwenye kasi. Karatasi za pembeni za jiwe zikilowa na kuchakaa, jiwe hilo lisifungwe mpaka upate nyingine za kufaa.

Jiwe lenyewe lisiguswe na mafuta. Likinywa mafuta, uso wake unaziba na kuteleza badala ya kukata. Ukiwa unapuliza dawa karibu nalo, lifunike.

Skrubu za kuendesha meza, magurudumu ya mkono, vipimo na vishikio hupata oili nyepesi. Sehemu zenye rangi zifute tu, lakini zikague: rangi iliyobambuka ni mlango wa maji, na ikipakwa upya mapema kutu haifiki mbali.

Neno juu ya WD-40, kwa kuwa iko karibu kila karakana. Ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na herufi mbili za jina lake zinasimama kwa kazi hiyo. Kwa kufukuza maji kwenye kona ambayo tambara halifiki, inafaa sana. Utando inaouacha ni mwembamba na haudumu, kwa hiyo ichukulie kama hatua ya kukausha, kisha weka juu yake mafuta yanayokaa.

Hatua ya 4: Bamba la sumaku, kwa uangalifu wa pekee

Bamba hili limejengwa kwa tabaka za chuma na za shaba, au za kitu kingine kisichovutwa na sumaku. Maji hupenya kwenye maungio ya tabaka, na huko chini hayafutiki. Kutu ikianza kwenye maungio inavimba na kuinua kingo. Zaidi ya hapo, bamba la umeme lina koili ndani. Maji yakizifikia, sumaku inadhoofika au inatoa shoti. Ukiona bamba linashika kwa unyonge upande mmoja, au swichi ya usalama inakata kila ukiwasha, simamisha kazi na umwite fundi umeme apime kinga ya waya kabla ya jingine lolote.

Kila wiki, lifute bamba kwa spiriti ili lisiwe na mafuta, kisha pitisha jiwe laini na bapa la kunolea, kwa uzito wake lenyewe bila kukandamiza. Mkono utakwambia: panapokwaruza pana kilima. Lipitishe mpaka liteleze sawasawa, futa unga wake, paka mafuta. Usitumie msasa uliozungushiwa kidole, kwa sababu unachimba shimo. Wala usitumie pamba ya chuma hapa. Nyuzi zake zinakatika, sumaku inazikamata, na zinakuwa mbegu za kutu mpya.

Wapo wanaosaga uso wa bamba kila madoa yanapotokea. Unapata uso mzuri, ndiyo, lakini bamba lina unene wa kusagika uliohesabiwa, na ukiumaliza unanunua jipya. Liache hilo kwa siku ambayo vipimo vinasema bamba limepinda.

Grenda ya mezani na ya mkono

Hizi hazina pampu, kwa hiyo shida yake ni ndogo. Kwenye grenda ya mezani, kibakuli cha maji ya kupozea kazi ndicho chanzo kikubwa. Kimwage kila jioni badala ya kukiacha kitoe mvuke chini ya mawe usiku kucha. Boliti za kushikia kiegemeo zitiwe grisi kidogo, kwa sababu zikishikana kwa kutu hakuna atakayesogeza kiegemeo jiwe linapopungua, na mwanya kati ya jiwe na kiegemeo, unaotakiwa usizidi milimita 3, unakuwa mtego wa vidole. Nati ya upande wa kushoto ina uzi wa kinyume. Usiivunje kwa kuilazimisha ukidhani ni kutu.

Grenda ya mkono ifutwe vumbi kwenye matundu ya hewa na ihifadhiwe mahali pakavu pamoja na diski zake. Diski za kukatia zimeshikanishwa kwa rezini na hudhoofika kwa unyevu. Angalia tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pete ya chuma ya katikati.

Hatua ya 5: Tuliza hewa

Kama kipima unyevu kimekuonyesha asubuhi zenye zaidi ya asilimia 70, mafuta peke yake yatakuchosha. Njia ninayoipendekeza kwanza ni kuipasha mashine joto kidogo, sio chumba kizima. Hewa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80, ikigusa chuma chenye nyuzi 30, pale juu ya chuma unyevu wake ni kama asilimia 60 tu. Nyuzi 5 zimetosha. Hita ndogo ya umeme isiyo na moto wazi, iliyofungwa vizuri chini ya mashine mbali na mafuta na vitambaa, inaweza kutoa tofauti hiyo. Kabati la flanji, vipimo na vishikio ndilo rahisi kuliko yote, kwani hita ya wati chache inalitosha.

Turubai la plastiki lililovutwa hadi sakafuni hufungia unyevu wa chini ndani na mashine inaoga. Funika kwa kitambaa cha pamba kinachopumua, kikavu, baada ya mashine kupoa na kupakwa mafuta. Feni inayosogeza hewa husaidia kukausha baada ya kazi, lakini ukiwasha feni kuvuta hewa ya nje asubuhi yenye ukungu, unaleta umande mwenyewe.

Mashine ya kukausha hewa inafaa kwa chumba kinachofungika. Kwenye karakana iliyo wazi pande mbili ni kutupa umeme.

Kutu ikiwa imeshaingia

Mdharau mwiba mguu huota tende. Doa la rangi ya machungwa lililotokea jana linaondoka kwa mafuta mepesi na dodoki la nailoni, ukisugua kwa kufuata mwelekeo wa alama za mashine. Likikaa mwezi linachimba shimo, na shimo halijazwi.

Kwenye reli, ongeza wembe ulioshikwa bapa kukwangua kilichoinuka, kisha jiwe la kunolea lenye mafuta. Lengo ni kushusha kilima, si kupata mng'aro. Doa jeusi lililobaki chini likiwa halina kimo wala halikwaruzi, liache. Linashika mafuta na halidhuru kitu. Usitie asidi wala dawa ya kugeuza kutu kwenye reli au bamba. Asidi huingia chini ya meza usikoweza kuisuuza, na inaendelea kula ukiwa umesahau.

Sehemu zinazotoka, kama nati, mikono ya vishikio na kava, zinaweza kulowekwa kwenye maji yenye asidi ya sitriki. Zitazame kila baada ya saa chache, zisuuze, zitumbukize kwenye maji yenye soda ili kuua asidi, zikaushe kwa joto na kuzitia mafuta hapo hapo. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi kabisa na kinaweza kushika kutu ndani ya dakika chache. Springi na vitu vilivyokomazwa visitiwe asidini, maana huweza kukatika baadaye.

Beringi za shafti ya jiwe usizifungue kwa sababu ya kutu ya nje. Kama kuna sauti au joto lisilo la kawaida, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa shafti hizo.

Mashine ikilala kwa miezi

Toa maji yote ya kupozea, safisha tangi na pampu, kausha. Ondoa jiwe, lihifadhi pakavu likiwa limesimama au limelala kadiri ya aina yake. Kwenye tangi la haidroliki fungua plagi ya chini uone kama kuna maji yaliyojikusanya. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, yabadilishe kabla mashine haijalala, kwa sababu maji hayo yanakula vali ndani kwa ndani.

Sehemu zote zilizosagwa zipake kinga nzito yenye nta. Hutapaka tena kwa miezi mingi, mradi isikwaruzwe. Vifaa vidogo vifungwe kwa karatasi yenye dawa ya mvuke wa kuzuia kutu, ndani ya mfuko uliobanwa. Weka humo vipakiti vya silika jeli. Zile zinazobadilika kutoka machungwa kwenda kijani hukujulisha zinapojaa, na hurudi kazini zikikaushwa kwenye joto la nyuzi 120 hivi.

Kama umeme upo, ni bora kuiamsha mashine kila baada ya wiki mbili: endesha shafti bila jiwe, peleka meza na kuirudisha kwa dakika 20 au 30. Oili inasambaa upya, na beringi hazikai sehemu moja kwa muda mrefu.

Siku ya kuirudisha kazini, futa nta yote kwa mafuta ya taa, si kwa petroli. Tia oili mpya kwenye reli kabla ya kusogeza meza hata sentimita moja. Ligonge jiwe kwa mpini wa mbao usikie kama linalia safi. Lenye sauti iliyokufa huenda limepasuka, lisifungwe. Lililo zima lifunge na kava yake, kisha liache lizunguke peke yake kwa dakika chache nawe ukiwa umesimama pembeni. Kabla ya kipande cha kwanza, tembeza saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwinuko mdogo) juu ya bamba la sumaku kona hadi kona, na uandike usomaji huo pamoja na tarehe, ili mwakani uwe na cha kulinganisha.